Kadi za Milango ya Mfululizo katika Kompyuta za Unix

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Watumiaji wake wa kwanza waliongea nayo kwa mashine za taipu, kupitia mlango wa mfululizo, yaani mlango unaopitisha biti moja baada ya nyingine. Teletype Model 33 ilichapa herufi 10 tu kwa sekunde, na kompyuta iliimudu bila shida.

Shida ilikuja watumiaji walipoongezeka. Kampuni ya Digital, watengenezaji wa kompyuta za PDP-11, waliuza kadi ya DZ11 yenye milango 8. Kila herufi iliyotoka iliilazimu prosesa kuacha kazi na kuihudumia. Kwa kasi ya baudi 9,600 mlango mmoja hupitisha herufi 960 kwa sekunde. Milango yote 8 ikitoa maandishi kwa pamoja, prosesa hukatizwa mara 7,680 kila sekunde. DH11, yenye milango 16, ilipunguza mzigo huo kwa kujichukulia herufi za kutoka moja kwa moja kwenye kumbukumbu.

Mwaka 1989 kampuni ya Sun ilitoa SPARCstation 1, kompyuta ya mezani yenye nafasi za kadi za SBus. Ilikuwa na milango 2 ya mfululizo, chini ya chipu ya Zilog 8530, ambayo huhifadhi herufi 3 tu zinazoingia. Kwa baudi 38,400 nafasi hiyo hujaa kabla hata ya milisekunde moja kwisha. Prosesa ikichelewa, herufi hupotea. Aliyetaka kuunganisha modemu na printa kadhaa alihitaji kadi ya ziada: SPC/S ya Sun yenyewe, yenye milango 8, au kadi za kampuni ya Magma, zilizotumia chipu ya Cirrus Logic CD1400, yenye nafasi ya herufi 12 kwa kila mlango.

Kuichomeka kadi ilikuwa kazi nyepesi. Ndani yake mlikuwa na programu fupi ya FCode iliyoitambulisha kwa kompyuta inapowashwa. Katika Solaris, mfumo endeshi wa Sun, amri ya boot -r ilitosha kuufanya mfumo utafute vifaa vipya. Lakini kutambuliwa si kufanya kazi. Bila programu ya kuiendesha, iliyoandikwa kwa ajili ya mfumo endeshi uleule, kadi ilibaki jina tu kwenye orodha. Sun ilipohama kutoka mfumo wake wa awali, SunOS 4, kwenda Solaris 2, programu za zamani za namna hiyo hazikufaa tena.

Waliozirefushia kadi hizi maisha ni waandishi wa mifumo huria. Katika OpenBSD, programu ya magma huendesha kadi za Magma, na ya spif huendesha SPC/S. Msimbo wa programu hizo uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha.

Historia hii ina funzo kwa kila anayehifadhi kompyuta za kale. Chuma peke yake hakitoshi. Hifadhi pia kitabu cha kadi, diski ya programu yake na kebo nene inayoigawa milango yake, maana upana wa kadi hauwezi kubeba soketi 8 za pini 25. Kimoja kikipotea, kadi nzima huweza kubaki pambo la kabati.