Kuchua, Kulala na Kupasua: Historia ya Tiba ya Kiuno Manzese

Manzese, Dar es Salaam, ilikua kando ya Barabara ya Morogoro kwa nguvu za migongo. Waliohamia kutoka mikoani walijijengea nyumba za udongo, baadaye za matofali, na wengi waliishi kwa kubeba. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, kiliwapa baadhi yao ajira. Wengine walishusha magunia sokoni Tandale, na baadaye ndizi Mabibo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Kanuni za vipimo za Tanzania zinaruhusu gunia la mazao lifike kilo 100, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo na kufungwa kwa kamba, huzidi hapo.

Tiba ya kwanza ya kuli aliyekamatwa kiuno ilikuwa mkono wa mtu: kuchuliwa kwa mafuta ya nazi, kukandwa kwa maji ya moto, kuumikwa kwa chuku. Si haki kuidharau. Maumivu mengi ya kiuno hayana kitu cha kukatwa ndani yake, na aghalabu hupungua baada ya wiki chache. Hatari ilikuwa kwingine: wembe wa chale uliopita kwa watu wengi, na mgongo kukanyagwa ilhali pingili zimeshaliwa na kifua kikuu.

Kifua kikuu cha mgongo kinastahili nafasi yake katika historia hii, maana ndicho kilichoacha vibiongo, na wengine kikawapooza miguu. Zamani mgonjwa alilazwa miezi mingi ndani ya plasta, au alipasuliwa ili usaha na mfupa uliooza utolewe. Katika miaka ya 1960 na 1970, majaribio ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza huko Korea, Hong Kong na Bulawayo yalionyesha kuwa wagonjwa wengi waliweza kupona kwa dawa huku wakitembea. Tanzania ilikuwa na msingi wa kulitumia fundisho hilo: mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ulioanza 1977 kwa ushauri wa Dkt. Karel Styblo, ulipeleka dawa hadi wilayani. Kisu kikabaki kwa mwenye neva zilizobanwa au mgongo unaozidi kupinda.

Diski, mto laini ulio kati ya pingili, ina hadithi tofauti. Mwaka 1934 William Mixter na Joseph Barr wa Boston walieleza jinsi diski iliyochomoza inavyobana neva na kuleta maumivu yanayoshuka mguuni, na upasuaji ukaenea upesi Marekani na Ulaya. Dar es Salaam, Hospitali ya Princess Margaret ilifunguliwa 1956 na baada ya Uhuru ikawa Muhimbili, lakini madaktari wa mifupa na wa neva walibaki wachache kwa miaka mingi. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria ya 1996. Kabla haijajijenga, mwenye fedha au kibali cha serikali aliweza kwenda India. Kuli wa Manzese alishauriwa kulala.

Ushauri huo wa kulala ndio uliomwumiza zaidi, kwa kuwa siku asiyobeba ni siku asiyokula. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani uliwalinganisha walioambiwa walale siku 2 na walioambiwa siku 7. Wa siku 2 walikosa kazi kwa siku pungufu kwa asilimia 45, na nafuu yao haikuwa ndogo kuliko ya wenzao. Tangu hapo mazoezi na kuendelea kutembea vilichukua nafasi ya kitanda.

Kuhusu kisu cha diski chenyewe, jibu lililo wazi zaidi lilitoka Uholanzi mwaka 2007. Wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12 waligawanywa kwa kura: wapasuliwe mapema, au wasubiri kwa dawa na mazoezi. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa, takriban asilimia 95 wakiwa wamepona, ingawa asilimia 39 ya waliosubiri walikuwa wamepasuliwa hatimaye. Upasuaji, basi, hununua muda. Na kwa mbeba mizigo mwenye watoto, muda ni jambo zito.

Hali moja haisubiri kura wala mchuaji. Mtu anapopata ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, mkojo ukaziba au choo kikatoka bila habari, neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa, na anahitaji kupasuliwa haraka, ikiwezekana ndani ya siku mbili. Kutoka Manzese njia ya rufaa hupitia zahanati, kisha Sinza Palestina au Mwananyamala, hadi MOI. Kila kituo kinachomwandikia dawa ya maumivu na kumrudisha nyumbani kinakula sehemu ya saa hizo, na neva iliyokufa hairudishwi na kisu chochote.

Anayepasuliwa diski kwa kawaida hutembea siku ile ile au kesho yake, akaanza fiziotherapia. Hufundishwa kukunja magoti, kuukumbatia mzigo karibu na mwili, na kutojipinda akiwa ameubeba. Gunia la kilo 100 huambiwa aliache.