Mlango wa Chembe Nyekundu

Ukisimama, msomaji, penye mpaka wa Malaba, utayaona malori yamejipanga kwa safu ndefu, kila dereva na karatasi zake mkononi. Huyu anazo nyingi, yule chache. Lakini ipo moja ambayo asiyekuwa nayo havuki, hata akiwa na nyingine zote. Uweke mfano huo moyoni, maana habari hii ni ya mpaka mwingine, mdogo usioonekana kwa macho: utando wa chembe nyekundu ya damu yako.

Malaria si mgeni Busia wala Malaba, na mbu haulizi Kenya inaishia wapi na Uganda inaanzia wapi. Kimelea cha malaria kikiisha kutoka katika ini huingia ndani ya chembe nyekundu, huzaliana humo, huipasua, kisha hutafuta nyingine. Hapo ndipo homa inapopanda. Je, huufunguaje mlango?

Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake wa Marekani walieleza kuwa kimelea kiitwacho vivaksi huingia kwa kuishika protini ya Duffy, ambayo Waafrika wengi hawana katika chembe zao nyekundu. Lakini falsiparamu, muuaji wa watoto wetu, alikuwa mjanja zaidi. Wataalamu walipomzuia njia moja, alipita nyingine.

Msaada ulitoka katika ufundi mpya: kuichukua jeni ya binadamu na kuipandikiza katika bakteria, au katika chembe zinazokuzwa maabarani, ili zitengeneze protini ya binadamu. Insulini ilipatikana hivyo mwaka 1978. Nyingi za protini hizi hazimfikii mgonjwa kamwe. Hutengenezwa kwa uchunguzi tu, na kwa hiyo hazisifiwi. Mimi naona zinastahili sifa.

Tazama yaliyotokea mwaka 2011 katika Taasisi ya Sanger, karibu na Cambridge, Uingereza. Cécile Crosnier, Gavin Wright na wenzao walikuwa na protini ya kimelea iitwayo RH5, wasijue inashika nini. Juu ya chembe protini zimesongamana kama watu siku ya soko, na mshiko wenyewe ni mwepesi, huachia upesi. Basi wakatengeneza protini za utando huo mojamoja, kila moja peke yake, wakazijaribu. Iliyoshika ni basijini. Wakaimimina basijini iliyo huru kati ya vimelea na damu. RH5 ikainasa hiyo, na vimelea vikashindwa kuingia. Aina zote za falsiparamu walizozijaribu zilizuiwa vivyo hivyo. Karatasi ile moja ilikuwa imepatikana.

Mwaka 2019 Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya RTS,S, Busia ilikuwa miongoni mwa kaunti 8 zilizochaguliwa. Chanjo hiyo humkabili adui kabla hajakaa katika ini. Akiponyoka hapo, haina la kumfanya ndani ya damu. Chanjo ya RH5 humngoja kwenye mpaka wa pili. Imejaribiwa Bagamoyo na Taasisi ya Afya ya Ifakara, na matokeo ya Burkina Faso yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha malaria imepungua kwa asilimia 55 katika miezi 6, kwa watoto ambao dozi yao ya tatu ilicheleweshwa makusudi. Wale waliopewa dozi zote kwa kufuatana kila mwezi hawakukingwa kiasi hicho.