Kigae: Kutoka Paani Hadi Ndani ya Picha

Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliniletea flashi yenye faili moja tu. Ilikuwa ramani ya upimaji wa shamba la ukoo wao, karatasi ya A0 iliyoskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi, na karibu na katikati palikuwa na doa la chai lenye ukubwa wa sarafu. "Mwanangu, nitolee hili doa tu. Kwingine usiguse." Nikamwambia asubiri dakika tano. Nikaifungua faili kwa GIMP, programu huria ya kuhariri picha, na kompyuta yangu yenye ramu ya gigabaiti 4 ikaganda mpaka adhana ya alasiri.

Kosa lilikuwa langu, sikupiga hesabu. Karatasi ya A0 kwa nukta 600 ni takriban pikseli 19,866 kwa 28,087, yaani pikseli milioni 558. Kila pikseli ya rangi hula baiti tatu, kwa hiyo picha peke yake ni kama gigabaiti 1.7. Bado hujahesabu nakala inayoandaliwa kwa ajili ya skrini, kumbukumbu za kutendua, wala kivinjari nilichokiacha wazi na kurasa zake ishirini.

Nikaingia kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya rasilimali za mfumo, na huko nikakutana na neno la Kiingereza "tile". Mzee akauliza, "Hicho ndicho kinachotukwamisha? Kinaitwaje?" Nikababaika. Hapo ndipo nilipoanza kulitafutia neno hilo Kiswahili chake.

Kipande? Hapana. Kipande chaweza kuwa cha mkate, cha mti au cha nguo, umbo lolote, ukubwa wowote. Tena kwa Mkenya wa makamo ya mzee yule, neno hilo bado linakumbusha cheti ambacho serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kukivaa shingoni. Marumaru ni jiwe kabla ya kuwa sakafu. Tailizi nimelisikia kwa mafundi ujenzi na kwa vijana wa kompyuta pia. Sina ugomvi nalo, ila halimwelezi kitu mtu asiyejua tayari linamaanisha nini.

Kigae kinaeleza. Maana yake ya kwanza ni kipande cha chungu kilichovunjika, na ya pili ni kile cha kuezekea, kama vile vigae vyekundu vilivyoletwa pwani kwa meli kutoka Mangalore, India. Mtazame fundi aliyeitwa kwa sababu paa linavuja. Anapanda, anakitafuta kilichopasuka, anakichomoa, anapachika kingine, anashuka. Wenye nyumba wanaendelea kupika chini yake.

GIMP hufanya vivyo hivyo. Haiishiki picha kama shuka moja; huikata miraba midogo yenye ukubwa mmoja na kuipanga safu kwa safu. Kwa muda mrefu mraba wake ulikuwa wa pikseli 64 kwa 64, na kwa kipimo hicho ramani ya mzee ni vigae 136,529. Doa la sentimita mbili na nusu ni pikseli 590 hivi kwa upana, kwa hiyo linaangukia kwenye vigae kama mia moja tu. Brashi inapopita, ni hivyo mia vinavyobadilishwa. Ukitendua, ni hivyo mia vinavyorudishwa, maana programu ilitunza sura ya zamani ya vile vilivyoguswa tu, si ya ramani nzima.

Mpangilio ulioniponza, basi, nauita akiba ya vigae: kiasi cha ramu ambacho GIMP inaruhusiwa kuwekea vigae vyake. Vinavyozidi hupelekwa kwenye diski. Ni kama fundi mwenye rundo dogo karibu yake juu ya jukwaa na shehena nyingine ghalani. Ukiweka akiba ndogo mno, kutwa atakuwa anashuka na kupanda. Ukiweka kubwa kiasi cha kumaliza ramu uliyonayo, jukwaa linaelemewa na kompyuta nzima inaganda. Mimi nilikuwa nimeweka gigabaiti 4 zote, kwa tamaa ya kasi. Nikateremsha hadi 2, nikafunga kivinjari, na doa likatoka kabla ya magharibi.

Kigae hakiponyi kila kitu. Ukitaka kuizungusha ramani nyuzi mbili kwa sababu iliskaniwa ikiwa imepinda, umeezua paa lote: hakuna kigae kitakachobaki kama kilivyokuwa. Kazi za namna hiyo, zisizohitaji jicho wala brashi, napendelea kuzipeleka kwa libvips, programu huria nyingine. Asili yake ni mradi wa VASARI ulioanza 1989, uliohusisha National Gallery ya London na uliokusudia kuhifadhi michoro ya rangi kwa picha kubwa za kidijitali, enzi ambazo ramu ilihesabiwa kwa megabaiti. Huvuta sehemu ndogo ya picha, huifanyia kazi, huiandika kwenye diski, kisha huvuta nyingine. Haina madoido, na wanaoogopa kuandika amri wataichukia.

Msomaji ambaye hajawahi kuigusa GIMP ameshaviona vigae hivi. Fungua ramani kwenye simu mahali penye mtandao dhaifu: miraba inajitokeza mmoja mmoja, huku kuna barabara, pale bado ni kijivu. Ramani za OpenStreetMap kwa kawaida hutumwa kwa vigae vya pikseli 256 kwa 256.

Kwa hiyo ninyi mnaotafsiri menyu za programu hizi, andikeni kigae, wingi vigae, na akiba ya vigae. Msiweke alama za kunukuu, neno si geni.