Katibu Muhtasi Aliyemtoa Bosi Wake Nje

Siku hizi si ajabu kumkuta mfanyakazi ameinamia kompyuta akiongea na akili mnemba inayomjibu kwa upole: pole, naona umechoka. Wengi tunadhani ni mambo ya jana tu. Wapi! Kisa chenyewe kina miaka sitini hivi, na katikati yake yupo katibu muhtasi.

Joseph Weizenbaum, mzaliwa wa Berlin ambaye familia yake iliikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1936, alikuwa profesa katika chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 1966 alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA, jina la yule muuza maua wa tamthilia ya Shaw, Pygmalion, anayefundishwa kuongea kama bibi wa tabaka la juu.

ELIZA ilijifanya mtaalamu wa tiba ya nafsi. Kuelewa, haikuelewa kitu. Ilidaka neno, ikaligeuza, ikakurudishia kama swali. Tuseme unaandika "bosi hanijali", inakuuliza "kwa nini unadhani bosi hakujali?" (Kwa Kiswahili ingejikwaa hapohapo: hakujali wewe, au hakujali jana?)

Sasa, katibu wake alikuwa amemwona akiihangaikia programu hiyo kwa miezi. Alijua fika kwamba ni programu tu. Akakaa, akaanza kutaipu. Baada ya sentensi chache akamgeukia bosi wake, akamwomba atoke chumbani.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa kumcheka. Mimi simcheki hata kidogo. Mashine ilimdanganya, sawa, lakini alijua maneno yale ni yake, na alijua nani hapaswi kuyasikia. Baadaye Weizenbaum alipopendekeza kuyapitia mazungumzo ya wote walioitumia, alilaumiwa vikali: huo ni upelelezi! Mwaka 1976 akaandika kitabu kizima, Computer Power and Human Reason, kuonya kwamba kuna kazi za kibinadamu zisizofaa kuachiwa kompyuta.

Tatizo ni kwamba leo bosi hana haja ya kuwemo chumbani. Mashine ni yake, na mara nyingi kumbukumbu nazo ziko mikononi mwake.

Pale ninapofanya kazi, mwenzangu mmoja humweleza msaidizi wa kompyuta mambo ambayo zamani alitusimulia sisi wakati wa chai. Juzi nikamuuliza: unajua nani anayasoma? Akanyamaza kidogo, akafunga kompyuta, akaniomba nimpitishie sukari.