Ala Zisizo na Badala

Leo tutaanza mbali, kisha tutarudi kwetu Bagamoyo.

Mwaka 1949, katika kijiji cha Twist, Marekani, kijana aitwaye B. B. King alikuwa akipiga gitaa katika nyumba ya ngoma. Ilikuwa baridi, na katikati ya nyumba palikuwa na pipa la mafuta ya taa linalowaka, watu wapate joto. Wanaume wawili wakapigana, pipa likapinduka, nyumba ikashika moto. King alikwisha kutoka salama, akakumbuka gitaa lake, akarudi ndani kulichukua! Baadaye akasikia kwamba wale wawili waligombea mwanamke, jina lake Lucille. Basi kila gitaa lake akaliita Lucille, asisahau ujinga wake. Alikufa mwaka 2015, na mwaka 2019 gitaa lake moja liliuzwa mnadani kwa dola 280,000.

Labda mtasema, "Fedha zote hizo kwa kipande cha mti?" Hata mimi nilisema hivyo. Na gitaa lile lilitoka kiwandani. Kiwanda chaweza kutengeneza jingine la sura ile ile.

Sasa fikirini ala za Hukwe Zawose. Alikuwa Mgogo. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Alikufa mwaka 2003. Alipiga zeze, na marimba ya mkono ambayo Wagogo huiita ilimba. Hiyo ni sanduku la mti lenye vyuma vyembamba, vinavyopigwa kwa vidole gumba. Ubaoni hutobolewa tundu, na juu yake hubandikwa utando wa buibui. Huo ndio unaovumisha sauti. Zawose hakutosheka na ilimba ya wazee. Alitengeneza kubwa zaidi, yenye vyuma vingi, na zeze lake akaliongeza nyuzi. Kipimo chake hakikuandikwa kiwandani. Kilikuwa sikioni mwake.

Nanyi mnaujua upepo wa bahari yetu: panga likikosa mafuta, mara limeshika kutu. Vyuma vya ilimba ni vivyo hivyo, na mti una mchwa. Mwaka 2002 hata jumba la maonyesho la chuo kile liliungua.

Kazi ya juma hili: mtafuteni jirani mwenye ngoma, zumari au zeze la zamani. Mwulizeni lilitengenezwa na nani, na kwa mti gani. Andikeni daftarini, jina la fundi kwanza.