Sayari Isiyotazamiwa

Somo: Yohana 1:43-51

Leo twawaomba mtoke nasi nje kidogo, mtazame juu.

Katika miezi ya Oktoba na Novemba, usiku usipokuwa na mawingu, kundi la nyota liitwalo Pegasus hupita angani kwetu upande wa kaskazini. Humo mna nyota moja hafifu iitwayo 51 Pegasi. Mahali pasipo taa za mji, jicho zuri huweza kuiona. Yafanana sana na jua letu, nayo iko mbali kadiri ya miaka ya nuru 50. Maana yake, nuru tuionayo usiku huu iliondoka huko yapata miaka 50 iliyopita.

Tangu zamani watu wameuliza kama nyota nazo zina sayari za kuzizunguka. Wataalamu waliitazama jamaa ya jua letu, wakaona kwamba sayari ndogo za mawe ziko karibu na jua, na zile kubwa za gesi ziko mbali penye baridi. Mshtarii, ambayo watoto wetu shuleni huiita Jupita, huchukua karibu miaka 12 kulizunguka jua mara moja. Basi wengi wakakata neno kwamba ndivyo ilivyo kila mahali, na kwamba atafutaye sayari kubwa hana budi kungoja miaka mingi.

Mwaka 1952 mtaalamu mmoja, Otto Struve, aliandika kwamba huenda sayari kubwa ikawa karibu sana na nyota yake, ikaizunguka kwa siku moja hivi tu. Neno lake lilikuwa jema, lakini kwa miaka zaidi ya 40 waliolifuata walikuwa wachache.

Mwaka 1994 Waswisi wawili, Michel Mayor na mwanafunzi wake Didier Queloz, walianza kupima nuru ya nyota 142 kwa darubini ya Haute-Provence huko Ufaransa. Hawakutazamia kuiona sayari yenyewe, maana hufunikwa na mwangaza wa nyota. Fikirini mama aliyemshika mtoto mikono yote miwili akimzungusha. Mtoto huenda duara kubwa, lakini mama naye huyumba kidogo. Hata tusipomwona mtoto, kuyumba kwa mama kwatuambia yupo. Ndivyo sayari iivutavyo nyota yake.

Nyota ile ya 51 Pegasi ilikuwa ikiyumba, ikija na kurudi kwa mwendo wa meta 60 hivi kila sekunde, na zamu nzima ilikwisha kwa siku nne na robo. Siku nne, wapendwa, si miaka 12! Queloz alipoona hesabu hiyo hakupiga kelele za furaha. Alidhani kosa ni lake, akaikagua kazi yake tena na tena. Kisha nyota ikaingia upande wa jua, isiweze kupimwa kwa miezi kadhaa. Wakangoja. Walipiga hesabu kuonyesha nyota itakuwa wapi katika kuyumba kwake itakapoonekana tena. Mwezi wa Julai 1995 walirudi kwenye darubini, wakaikuta vile vile walivyoandika. Ndipo wakatangaza, tarehe 6 Oktoba 1995, katika mkutano wa wataalamu huko Florence, Italia.

Sayari hiyo ina uzito upatao nusu ya ule wa Mshtarii, yaani kama dunia zetu 150. Lakini iko kilometa milioni 8 hivi tu kutoka kwa nyota yake, ilhali sisi tuko milioni 150 kutoka kwa jua. Joto lake lakadiriwa kufika digrii 1,000. Wengi hudhani ilizaliwa mbali, ikasogezwa karibu baadaye.

Sikieni na jambo hili. Huko California Wamarekani wawili, Geoffrey Marcy na Paul Butler, walikuwa wamekusanya vipimo vya nyota tangu mwaka 1987. Waliposikia habari hiyo, waliipima nyota ile, na kwa siku chache wakathibitisha. Kisha wakarudi kwenye vipimo vyao wenyewe, na mwezi wa Januari 1996 wakatangaza sayari mbili nyingine. Dalili zake zilikuwa zimelala katika kumbukumbu zao miaka yote hiyo.

Nathanaeli naye alikuwa amekwisha kukata neno juu ya Nazareti. Filipo hakubishana naye. Alimwalika tu aende akajionee mwenyewe, naye akaenda.

Nasi twaungama kwamba hatukufanya hivyo. Miaka iliyopita mama mmoja aliyejulikana kwa kupika chang'aa alikuja kuomba kuandikwa katika darasa la kipaimara. Baraza letu, na sisi mchungaji wake tukiwa kitini, tulisema angoje kwanza tuone. Lakini hatukwenda kuona. Hakuna hata mmoja wetu aliyepiga hodi kwake. Baada ya miezi mingi ndipo tuliposikia kutoka kwa jirani kwamba mitungi alikuwa ameimwaga kabla hajaja kwetu, na kwamba kila jioni aliomba na wanawe. Tulikwenda kumtaka radhi, naye akatupokea kwa chai. Wale wa Haute-Provence waliposema wangoje waone, walirudi kuona. Sisi tulimngojesha tu.

Mwaka 2019 Mayor na Queloz walipewa Tuzo ya Nobel, wakishiriki na James Peebles. Leo sayari zaidi ya 5,000 zimejulikana nje ya jamaa ya jua letu. Mungu alikuwa amekwisha kuziweka zote kabla hatujakubali kutazama.

Je, ni nani kijijini mwako ambaye umekwisha kukata neno juu yake? Juma hili, mpigie hodi.

Tuombe. Ee Bwana uliyeziumba nyota, utusamehe kuhukumu pale ambapo hatujatazama. Utupe subira ya kupima na miguu ya kwenda, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.