Shairi na Jina la Mwenyewe

Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa tungo na Zahidi Mngumi wa Lamu, kila mmoja akimjua anayemjibu. Muyaka alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yakabaki vifuani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipoyakusanya kwa kalamu, mwishoni mwa karne hiyo.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1923 gazeti la Mambo Leo likaanza kutolewa Dar es Salaam, nalo likawa uwanja wa washairi. Aliyeguswa na shairi la mwenziwe alishika vina vilevile, akamjibu kwa jina.

Leo baadhi ya miswada ya Kiswahili iliyohifadhiwa SOAS, London, husomeka kwenye intaneti. Mtunzi chipukizi wa Katubuka, Kigoma, aweza kuchota humo asichoweza kukipata maktabani kwake. Lakini simuni mwake hupita pia tungo zilizonyofolewa majina ya wenyewe. Shairi la namna hiyo laweza kuigwa, kujibiwa haliwezi. Na katika kujibizana ndimo washairi wetu walimokomalia. Anayechota na ataje kisima.